Kompyuta Inayozimia Bugarama

Jumatatu, 9 Juni

Imezima tena! Enock, mteja wangu wa kila siku, yuko peke yake na kipa, kaupiga mpira, mpira uko hewani, kioo cheusi. Kuiwasha upya ni muda wa kusonga ugali na kuumaliza. Wateja hawakusubiri. Wamevuka barabara kwenda kwa Riyaz.

Riyaz ni mtoto wa mzee Ebrahim mwenye duka la vifaa vya umeme. Ameweka mashine za gemu nyuma ya duka la baba yake, zote mpya. Mimi ninayo moja tu, niliyoipata kwa jasho la duara, shimo la dhahabu, kabla sijaona kwamba shimoni si mahali pa mtu mwenye akili kama zangu. Lakini yangu imetunzwa! Zake ziko uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Yangu imefumiwa vitambaa na Mama Noela, mwenye nyumba, vyeupe vyenye maua ya pinki. Kimoja cha kioo, kimoja cha sipiyu, kinashuka mpaka sakafuni. Vumbi la Bugarama linaisikia tu.

Leo Mama Noela kanisubiri nimalize kufagia. Nikamwamkia kwa adabu zote. Kaitikia marahaba, halafu akasema mdogo wake Bhoke anakitaka hiki chumba afungue saluni. Yeye Mama Noela mwenyewe atakuja Jumapili kutazama shindano langu la gemu, vijana wa hapa na wa Ushirombo. Mashine ikienda vizuri, nibaki. Ikizima mbele ya wageni, nifungashe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wote nimebaki nao mimi. Nikikosa chumba hiki narudi shimoni, na shimo silitaki.

Mchawi wangu nimeshamjua. Ni karasha, ile mashine ya kusaga mawe nyuma ya nyumba. Ikianza kunguruma, umeme wote unakimbilia kwake. Shida ni moja, karasha ni ya Mama Noela huyo huyo. Siwezi kumwambia aizime. Itabidi nitumie akili.

Jumanne, 10 Juni

Nimetumia akili. Asubuhi nilipita pale karasha, nikasimama kama mtu asiye na shughuli, nikawaambia vijana kwamba nimesikia kwenye chai kuwa watu wa mazingira wanakuja kukagua vumbi. Sikusema nimesikia kwa nani. Kufumba na kufumbua karasha imefunikwa turubai na vijana wametawanyika. Kimya! Nilisikia hadi kuku wa jirani wakigombana. Umeme wote wa Bugarama ukawa wangu peke yangu.

Nikawasha. Ikazima kabla ya mapumziko.

Jioni Mama Noela alikuwa anamtafuta aliyeleta uzushi, maana wachimbaji wamepeleka mawe yao kwenye karasha nyingine. Kasema mtu huyo akimpata atamsaga yeye badala ya mawe. Nikamuunga mkono. Nikaongeza kwamba dunia imeharibika.

Jumatano, 11 Juni

Nimegundua. Kompyuta imeshiba! Mtu akila sana si anasinzia? Nimeifungua humo ndani nikakuta mafaili chungu nzima yenye majina ambayo sijawahi kuyaona. Nikayafuta. Kama ni langu ningelijua.

Imekuwa nyepesi kidogo. Ila haina sauti tena. Gemu linakwenda kama msiba wa watu wasiojuana. Enock akaweka pedi chini, kasema bila makelele ya mtangazaji yeye hawezi kufunga. Sikuwa na namna, nikaanza kutangaza kwa mdomo. Enock huyooo! Anatoka Bugarama, anakata kona ya Ushetu, anapita katikati ya tumbaku, wakulima wanampungia mkono! Watu waliokuwa wanapita njia wakasimama dirishani. Mama mmoja wa maandazi kashusha ndoo yake kabisa. Hasara tupu. Wote walikuwa wananitazama mimi, hakuna aliyeitazama mashine.

Kisha ikazima.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevuka barabara. Imeniuma, lakini nimevuka. Nikamwambia Riyaz nina rafiki yangu yuko Ushirombo, anaitwa Donatus, kompyuta yake inaganda na kujizima. Riyaz kauliza kama inapata joto. Nikasema Donatus anaweza kuchomea chapati juu yake. Kauliza kama kuna kitu kimeifunika. Nikamjibu kwamba Donatus ni mtu aliyelelewa, hawezi kuacha kitu cha thamani wazi wazi.

Riyaz kacheka mpaka kashika kaunta. Alipopata pumzi akasema, "Mwambie Donatus aivue nguo. Inakosa hewa, kama mtu mliyemshusha kwenye duara halafu mkafunika mdomo wa shimo." Tena kasema afungue ubavu wa sipiyu apulize vumbi, na kaniazima blowa yake bure. Mwisho kamtakia Donatus kila la heri Jumapili.

Nimewaza sana wakati wa kuvuka barabara. Mshindani wako akuambie ukweli, kwa faida gani? Mtu huyu anataka mashine yangu ikae uchi, karasha iimwagie vumbi, Jumapili niaibike. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nimefanya kinyume chake. Nimeweka nailoni nzito chini ya kitambaa, nikaikaza na raba za tairi la baiskeli. Blowa nimeificha uvunguni, asije akaitumia dhidi yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Haikumaliza hata kuwaka. Kuna harufu kama ya ndala zilizokanyaga kaa la moto. Sijala.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Noela ana jumuiya nyumbani kwake. Kaingia bila hodi, kachukua vitambaa vyote akapambie viti vya wanajumuiya. Nailoni nayo kaibeba, ya kufunikia maandazi. Nilijaribu kumbembeleza, kasema Mungu kwanza. Nikabaki na mashine imekaa utupu. Aibu niliyoiona! Nikafunga dirisha.

Sasa, bahati nzuri, asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeigombeza. Nilisimama mbele yake nikaiambia kwa ukali kwamba ikizima tena naiuza kwa Riyaz, ikaishi naye. Na imesikia! Imewaka asubuhi, haikuzima hadi jioni. Haikuganda wala kusuasua. Enock kamaliza ligi nzima mpaka vidole vikamuuma. Kumbe siku zote ilihitaji kutishwa tu. Nalala kwa furaha, mchana wa kesho naona unachelewa kuja.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada watu walijaa hadi barabarani. Ushirombo wamekuja na msichana mmoja anaitwa Rhoda, mpole kumwona, lakini akishika pedi hana huruma. Mashine ikaenda kama maji. Mimi natangaza, watu wanacheka, mechi moja baada ya nyingine. Fainali ikawa Enock na Rhoda. Sare, bao moja kwa moja.

Ndipo akaingia Mama Noela, na Bhoke nyuma yake akipima ukuta kwa macho, kioo kitakaa hapa, draya pale. Mama Noela akaiona mashine haina nguo mbele ya wageni wa watu. Alikasirika! Akarudi ndani mbio, akaja na vitambaa vimefuliwa na kupigwa pasi, akaivalisha kwa mikono yake. Nikamkumbusha na nailoni. Ikapendeza sana, nusura nilie.

Rhoda akapata penalti. Akaweka mpira. Kioo kikawa cheusi.

Bhoke akatabasamu. Mimi nikaliona shimo, nikaona na kamba ya kunishushia. Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Nikasikia tu nasema, Rhoda anarudi nyuma, anavuta pumzi, anapiga, mwambaaa! Watu wakageuka. Sikunyamaza. Nikasema mpira umegonga mwamba, umemrudia Enock, Enock anakimbia. Na Enock, Mungu ambariki, akaanza kubonyeza pedi. Rhoda naye akabonyeza. Kioo cheusi tii, na mpira unachezwa!

Nilimpitisha Enock kwenye mawe ya karasha, nikamtoa vumbi tupu. Rhoda nikamteremsha kutoka misheni ya Ushirombo kengele zikilia. Mama Noela, ambaye tangu azaliwe hajui mpira unaanzia wapi, akauliza kwa sauti mpira anao nani sasa. Nikasema anao Mama Noela! Kaingia uwanjani na ufagio wake, kawafagia mabeki wote, mwamuzi kamwamkia! Mama wa watu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Dakika za mwisho nikampa bao Rhoda, maana ni mgeni na amesafiri. Enock akaruka juu, akaapa kwa mama yake kwamba lilikuwa la kuotea. Nusu ya watu wakamuunga mkono, nusu wakamkatalia, na kioo bado kiko giza.

Walipotulia, Mama Noela akamgeukia mdogo wake. "Bhoke, katafute chumba kingine. Huyu abaki." Kisha akanishika bega. "Ng'wanawane, mwanangu, una mdomo wa riziki. Huo mzigo wako uza."

Jumatatu, 16 Juni

Leo simu haitulii. Rhoda kapiga, dada yake anaolewa Ushirombo mwezi ujao, wananitaka niwe mshereheshaji, nitaje bei mwenyewe. Enock kaleta salamu za wachimbaji wenzake, wanataka kila Jumapili niwatangazie, mashine iwepo isiwepo. Hata Riyaz kavuka barabara. Anasema nikae dukani kwake nitangaze gemu za kwake, tugawane faida nusu kwa nusu.

Wote nimewakatalia kwa heshima. Mimi ni mtu wa kompyuta, si kasuku.

Isitoshe sina nafasi. Jana usingizi ulinipaa nikiwaza, na tatizo nimelipata. Mama Noela alipoingia aliacha mlango wazi, na mashine ilikuwa inatazamana uso kwa uso na duka la Riyaz. Kesho naigeuza ielekee Ushirombo.