Picha za Mabomba ya Shaba Katika Kliniki ya Macho

Kwa Daktari Arthur Okia,
Kliniki ya Macho ya Mapambazuko,
Busia, upande wa Uganda.

Daktari mpendwa,

KUH: PICHA ZA VYOMBO VYA KALE VYA SAYANSI ZILIZO UKUTANI MWAKO

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na ukiona vizuri. Mimi ni Maximilla Auma, muuza samaki aina ya omena wa soko la Busia upande wa Kenya, na ni mkaza mwana wa Mama Nasirumbi wa Tiira, yule mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili, aliyeondoka kwenye benchi lako Jumanne kabla hajaitwa. Ninaandika kwa niaba ya mume wangu Oguttu, ambaye amekasirika kiasi cha kushindwa kushika kalamu.

Tiira unaijua. Watu huchimba dhahabu, wakiikosa huhamia kando, na shimo hubaki wazi. Majuzi Mama alikwenda kuchuma mboga akapotea njia, na jirani yake Alupo alimdaka kiunoni mguu mmoja ukiwa tayari hewani. Ndipo akakubali kuletwa kwako. Tulikuwa tumembembeleza kiangazi kizima, shangazi wakipokezana. Kwa hiyo, kwa heshima zote, malalamiko yetu ni haya:

1. Picha iliyo mkabala na benchi. Mama aliona rangi tu, akaniuliza, "Hapo kwa ukuta kuna nini?" Sijawahi kumdanganya mama mkwe wangu, kwa hiyo nilimweleza: kuna bomba refu la shaba, nene huku, jembamba kule, na mzungu wa zamani ameliweka jichoni. Muuguzi wako Patience akafafanua kwa upole kwamba hiyo ni darubini ya kale ya kutazamia mwezi, na kwamba ni pambo tu.

Mama akamuuliza, "Na hiyo kitu ilitoka kwa jicho yake?"

Patience alisema picha haionyeshi. Daktari, muuguzi mkweli ni jambo jema, lakini si kila saa. Mama aliinuka, akajifunika leso kichwa kizima, akanivuta mkono mpaka barabarani.

2. Picha ya sahani ya shaba yenye matundu na mshale katikati. Bwire, mchimbaji aliyetuleta kwa pikipiki yake, aliambiwa kwamba watu wa kale waliitumia kutafutia nyota. Akawaza kwamba chombo kinachopata nyota huko juu hakiwezi kushindwa na dhahabu iliyo karibu zaidi. Tangu hapo anarudi na wenzake, macho yao yakiwa mazima kabisa, wanajaza benchi la wagonjwa na kumuuliza Patience kama inatumia betri.

3. Saa ya mchanga, iliyotundikwa juu ya foleni. Mchanga wote umeshuka chini. Mzee mmoja kutoka Mulanda aliitazama kwa jicho lake zima, akasema ujumbe ameupata, akaenda zake nyumbani.

4. Hili nimelifikiria nikiwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka. Anayeziona picha zako vizuri hakuhitaji. Anayekuhitaji hazioni. Basi wanaozifaidi ni wasindikizaji peke yao, na ndio wanaozisimulia na kuleta madhara.

Kwa hiyo tunaomba mojawapo ya haya. Ama wasindikizaji wote wafungwe vitambaa machoni mlangoni, ama utundike vitu visivyoweza kuingia jichoni: ng'ombe, kabichi, bwana na bibi harusi. Zaidi ya hapo, Oguttu anataka uje Tiira wewe mwenyewe, usimame uani mbele ya Mama, umnyooshee mikono mitupu aipapase pande zote mbili, mpaka aridhike kwamba hukuficha bomba. Ukija, tembea nyuma ya Alupo. Mashimo ni mengi.

Msalimie Patience, mlinzi wa getini, na mama anayeuza chai hapo nje. Wasalimie hata akina Bwire, kama bado wamekaa.

Ni mimi mwenye kukuheshimu na kukulaumu,
Maximilla Auma

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea Mama barua hii, asikie tulivyomtetea. Akasema picha hazikumtisha hata kidogo. Kumbe kwenye benchi la nyuma alisikia kikohozi cha Mzee Ofwono wa Mella, aliyetaka kumuoa zamani, kabla baba mkwe wangu hajamtangulia kuposa. Ofwono sasa ni mjane, kama yeye. Wewe ulishamtibu jicho moja. "Yeye anaona mimi, mimi sioni yeye," Mama amesema. "Hiyo si haki."

Anaomba umfanyie jicho la kulia upesi, kisha umjulishe siku ambayo mzee huyo atarudi kutazamwa, apate nafasi ya kupiga pasi gomesi, gauni lake la sherehe. Oguttu hajui, kwa hiyo jibu lije kwangu. Picha usiziondoe. Mama anasema atahitaji kitu cha kujifanya anakitazama.