Machozi ya Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Pampu yetu hapa Aroi bado imekufa. Kiangazi kimetushika kooni. Leo nimeipiga picha, mkono wake unaning'inia kama mkono wa mlevi. Nikaiweka kwenye kundi letu la Wasap, Raia Macho. Nikaandika: Viongozi, mnaona? Laiki mbili. Moja ni yangu.

Pasca, jirani yangu, ndiye mkubwa wa kundi. Amefika sekondari, basi kila neno lake lina mkia. Akanijibu mbele ya watu wote. Asante Mama Daniella, lakini picha ya chuma haimnyimi mtu usingizi, tuendelee kwenda ofisini kwa miguu yetu. Akapewa mioyo myekundu mpaka kioo kikajaa! Mimi niliishia darasa la nne. Lakini nitamwonyesha raia ni nani.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata! Nina picha ya kule Koboko, ya siku tuliyomzika mkwe wangu Natale, baba yake kijana aliyemwoa Daniella wangu. Kina mama wa kule walileta maji nyumbani kwa msiba, kama tunavyofanya sote. Mstari mrefu kutoka barabarani, jerikeni kichwani. Na mbele kabisa yuko Elena, mjane, mikono juu, mdomo wazi, analia. Niliipiga kwa heshima, iwe kumbukumbu.

Nimeitazama sana. Chozi halina maandishi. Nikaandika mimi: KINA MAMA WA AROI WAANDAMANA. HUYU ANALIA KWA KIU.

Nikaituma kundini. Jioni picha ilikuwa imefika mahali nisipopajua. Mtu wa Kampala ameandika pole mama. Redio ya mjini Arua imeisoma! Maharage yameungua. Roho ilinisuta kidogo. Nikaizima pamoja na simu.

Alhamisi, 6 Februari

Gari la ofisi ya maji! Tangu Krismasi Pasca anakwenda kule, hata baiskeli haijaja. Mimi, picha moja, gari. Nikavaa gomesi, gauni langu la kanisani.

Bwana wa maji alikuwa na adabu. Akawaulizia wale kina mama walioandamana. Nikasema wako shambani. Akamwulizia yule anayelia. Nikasema amepumzika. Akatoa simu, akaivuta picha kwa vidole viwili, ikakua, ikakua. Nyuma ya bega la Elena, turubai. Chini ya turubai, jeneza.

Akauliza kama sisi watu wa Aroi tunaandamana na maiti.

Mtu akacheka. Jasho likanishuka mpaka kwenye viatu. Bwana hakuigusa pampu, hata kuitazama hakuitazama. Akasema ziko pampu nyingi kwa watu wanaosema ukweli. Akaondoka na spana zake.

Pasca hakunipigia kelele. Akaniambia polepole: "Mama Daniella, sisi iko na kiu ya kweli. Wewe umeenda kutafuta ya uongo kwa nini?" Heri angenizaba kofi.

Ijumaa, 7 Februari

Daniella amepiga simu kutoka Koboko, analia. Mwanangu wa pekee, mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia. Picha imefika kule. Vijana wa boda sokoni wanamwita Elena "Mama Kiu". Wanamwuliza kama leo amekunywa. Mjane ambaye hata kitambaa cha msiba hajavua!

Elena amesema hivi: mtu aliyeuza machozi yangu hatamshika mjukuu wangu. Mtoto akizaliwa, nisije. Mikono mingine itamwosha.

Shali yake nimeshaifuma. Ya njano. Sikula. Nimeifuta picha, lakini ni kama ndago shambani, unang'oa hapa, inachipua kwa jirani. Nimeona aibu hata kumsalimia mbuzi.

Jumapili, 9 Februari

Koboko. Nilikwenda na shemeji yangu Anguzu, ndugu wa marehemu mume wangu, maana mtu haendi kuomba radhi kwa wakwe bila msemaji. Ole wangu, msemaji anapenda kusema! Alianzia kwa babu zake. Mimi nimepiga magoti, changarawe inaniingia. Akawa bado kwa babu.

Elena akamkatiza. "Mkwe, si umesema mimi iko na kiu? Sawa. Niletee maji."

Akanyoosha kidole kwenye pipa. Pipa zima! Nikachukua jerikeni nikaenda mtoni. Wale kina mama wa kwenye picha wamekaa kivulini wananitazama. Mmoja akauliza kama ninaandamana au ninatembea tu. Mwingine akanishauri nilie kidogo, picha itoke vizuri. Nikalia. Sikuhitaji kusaidiwa. Daniella alikuwa mlangoni na tumbo lake, ameufunika uso kwa khanga.

Pipa lilipojaa, Elena alinitoa ngata kichwani kwa mkono wake mwenyewe. Akasema tangu Natale alale hajacheka, ila leo, alipoiona shingo yangu. Halafu akalia, nami nikalia, kila mtu na chozi lake. Nije, akasema. Nitamshika mtoto. Sharti moja tu: picha ya nyumba yake nisipige tena, maisha yangu yote.

Nimeapa kwa Mungu, na Anguzu ni shahidi.

Jumanne, 18 Februari

Mjukuu! Mvulana! Anaitwa Natale, jina la babu yake. Niko Koboko, yuko mapajani pangu ndani ya shali ya njano. Elena yuko jikoni anampikia Daniella uji. Ananiita mama mwenzangu. Sistahili.

Na sauti aliyo nayo mtoto huyu! Amelia mpaka kuku wamekimbia. Nikamsikiliza, nikawakumbuka wenzangu wa Aroi na pampu yao kavu niliyoiharibia bahati. Nikaumia. Lazima nilipe kwa namna fulani. Simu ilikuwa hapa kando.

Elena alikataza picha. Sauti hakukataza.

Nimemrekodi kidogo tu. Nikawatumia Raia Macho, nikaandika: RAIA MPYA KABISA, AMEZALIWA LEO, ANALILIA MAJI YA AROI. Mioyo inaingia kama mvua! Pasca peke yake ameweka alama ya kuuliza. Wivu.

Sasa mtoto amenyamaza. Amelala, kinywa wazi kidogo, mzuri mno. Lakini ajabu, bado namsikia analia. Sauti ile ile. Inatoka jikoni. Inatoka kwenye simu ya Elena.