Kichwa cha Treni cha Baba

Jumatatu, 5 Agosti

Omanga wa vyuma vikuukuu amenunua kichwa cha treni! Kile cha mgodi wa zamani, kilichoachwa kwenye karakana isiyo na paa hapa Masara tangu wazungu waondoke. Mwenye shamba kamuuzia. Ijumaa anakuja na mtungi wa gesi akikate vipande.

Baba hajagusa chakula. Ana miaka themanini na minne, macho yamekwisha, lakini ujanani ndiye aliyekuwa akichochea moto wa kichwa kile. Ameniuliza polepole kama nitakubali. Nikamwambia mimi Nyamongo, niliyenasua lori la tumbaku kule Kehancha kwa bega moja, nitashindwa na Omanga? Rispa, mke wangu, akadakia kwamba lile lilikuwa toroli.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango! Nimemnong'oneza Maroa, mkubwa wa wachimba dhahabu, kwamba wazungu walificha dhahabu ndani ya tumbo la kichwa cha treni. Sasa watakilinda mchana na usiku. Omanga atapitisha wapi gesi yake? Akili hii si ya darasani. Darasa niliacha la sita.

Maroa akaniapisha nisimwambie mtu mwingine. Nikaapa vizuri kabisa.

Jumatano, 7 Agosti

Lo! Wanakilinda kwa nyundo!

Wachimbaji arobaini (Rispa anasema kumi na mmoja) wamekijaa kama siafu. Wamekwangua masizi na kutu yote, wanaosha kwenye karai wakitafuta dhahabu. Mlango wa moto wameung'oa. Nikapiga kelele kwamba nilikuwa natania. Maroa akasema ndiyo, hivyo ndivyo husema mtu anayetaka kuchimba peke yake.

Nimerudi nyumbani macho mekundu. Vumbi, nimemwambia Rispa.

Alhamisi, 8 Agosti

Hawakupata hata punje. Maroa alinifuata mpaka mlangoni, akanitukana kwa Kikuria, kisha kwa Kiswahili ili nielewe. Halafu akauliza nilitaka nini hasa. Sikuwa na uongo wowote karibu. Nikamwonyesha Baba, amekaa kwenye kiti, uso umeelekea karakana.

Maroa akaenda zake. Jioni nikasikia nyundo tena. Walikuwa wanaurudisha ule mlango.

Ijumaa, 9 Agosti

Saa tisa Omanga akafika na gesi. Akamkuta Baba ndani ya kichwa cha treni, suti ya kanisani, mkono juu ya mlango wa moto. Mimi na Maroa ndio tuliompandisha. (Zaidi mimi.)

Omanga akamwomba kwa adabu, Mzee Monari, tafadhali ushuke. Baba akasema atashuka, ila kwanza amsimulie kidogo. Akaanza na siku yake ya kwanza kazini, mwaka 1959. Omanga ni mzee wa kanisa letu la Sabato. Amvute Mzee Monari mguu, watu wanaona? Akakaa juu ya mtungi, akasikiliza. Saa kumi na moja Baba alikuwa bado 1960.

Jua likazama. Sabato ikaingia, kazi marufuku. Omanga mwenyewe akafungia gesi yake garini, akavua kofia, tukaimba sote wimbo wa kufungua Sabato. Baba alikuwa akipigapiga chuma taratibu, kama anayebembeleza mtoto.

Kisha akaupitisha mkono wangu juu ya namba iliyojitokeza baada ya kutu kukwanguliwa. Saba. Akasema ni yule yule wa 1959, hajabadilika.

Jumapili, 11 Agosti

Omanga amelegea! Tukikiezeka kabla ya Krismasi, mvua isikimalize, atakiacha. Nguzo atatoa yeye. Baba amelala mpaka saa tatu asubuhi, jambo ambalo hajafanya tangu Mama atutoke.

Yanatakiwa mabati ishirini. Rispa anasema niende kwa watu niwaambie ukweli tu, watachanga. Ukweli! Nani ametoa bati kwa ajili ya ukweli?

Nimekwenda mpaka gatini Homa Bay. Nimewaambia wavuvi kwamba grisi ya magurudumu ya kichwa cha treni, ukipaka wavu kidogo tu, samaki aina ya ngege wanakuja wenyewe. Kijiko kimoja, bati moja. Wamefurahi sana. Kesho wanakuja sitini.

Wameuliza kama grisi ikiisha wanaweza kukwangua chuma chenyewe. Nimewaambia kila mtu aje na kisu chake.