Kamati ya Uchangamfu ya Mtawanya

Ndugu zangu wa Kibiti, wa Bungu na popote mnaponisikia, natangaza rasmi: uzee umepata mratibu. Zamani mtu alikuwa anazeeka hivihivi tu, kienyeji, bila mwongozo. Hayo yamekwisha. Nasema mimi Mzee Nassibu, Mwenyekiti wa Kamati ya Uchangamfu wa Wazee, Mtawanya. Shule niliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kuamia ndege shambani kwa baba, lakini kizibao cha kamati kimenikaa kuliko waliosoma.

Kwanza niwaeleze tulivyokuwa, muone tulivyokuwa gizani.

Uwanja wetu una nyumba tatu. Yangu, ya Mzee Saidy, na ya Bi Sihaba. Katikati banda la jiko, pembeni kisima. Kila mtu analala kwake, lakini chungu kimoja, sinia moja. Ilianzaje hata sikumbuki vizuri. Nadhani ni pale marehemu mke wangu Mwamini alipotangulia. Matanga yameisha, watu wameondoka, nimekaa kibarazani nakula peke yangu, Bi Sihaba akaja akanipokonya sahani.

"Anayekula peke yake ni mchawi," akasema. "Na wewe Nassibu hata uchawi ungekushinda. Njoo huku."

Bi Sihaba Mmatumbi. Mimi na Saidy Wandengereko. Kwa hiyo ni mtani wetu, ana ruhusa ya kutusema atakavyo, na ruhusa yenyewe anaitumia asubuhi, mchana na jioni.

Basi bwana, ikaja gari nyeupe ya mradi. Akashuka Bwana Hemedy, Mratibu wa Uchangamfu, suti nzito na jua lile, anajipepea na faili.

"Shikamooni wazee wangu. Mradi umeona mbali. Tunawaletea Makazi Shirikishi ya Wazee Wachangamfu! Kila mzee na nyumba yake, jiko moja katikati, maji ya pamoja, mnakula pamoja!"

Saidy akalitazama jiko. Akakitazama kisima. "Mbona ndo hivi tunavyokaa, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Nyie mnakaa pamoja bila mwongozo. Kitaalamu huo unaitwa msongamano."

Msongamano! Tumesongamana miaka yote hiyo na hatuna habari. Nikasema kweli asiyesoma ana hasara.

"Sasa hayo makazi mnajenga wapi?" akauliza Bi Sihaba.

"Wataalamu wamezunguka wilaya nzima, mama. Mahali panapofaa wazee kuishi pamoja ni hapahapa. Kwa hiyo nyumba hizi zitavunjwa, na nyie mtapisha."

"Tumpishe nani?"

"Wazee."

Akatupangia pa kwenda wakati wa ujenzi. Bi Sihaba kwa binti yake, Ngarambe. Saidy kwa mwanawe, Mbagala. Mimi sina mtoto wa karibu, nikapangiwa chumba Kibiti stendi, ukuta mmoja na fundi wa maspika. Baadaye tuombe kurudi, tupimwe uchangamfu, atakayefaulu arudi.

"Na atakayefeli?" nikauliza.

"Atakuwa amethibitika ni mzee wa kawaida."

Nikawaza kile chumba. Chumba cha mtu mmoja, sinia unaiweka wapi? Nikafungua mdomo niseme. Palepale Bwana Hemedy akanivisha kizibao cha kung'aa, mgongoni kimeandikwa MWENYEKITI. Sasa jamani, mwenyekiti hapingi. Mwenyekiti anafungua kikao. Nikakifungua.

Upimaji wenyewe haukungoja tuhame, ukawekwa kesho yake saa tatu asubuhi. Mzee Saidy hakutokea, alikuwa shambani anakimbizana na nguruwe pori waliovamia mihogo. Bwana Hemedy akasikitika sana. "Hajahudhuria. Dalili ya kwanza ya kukosa uchangamfu." Bi Sihaba akatokea na mzigo wa kuni kichwani na ndoo ya maji mkononi, mwendo wa kuku anayefukuzwa. Akaambiwa atue vyote, ili apimwe kama anaweza kutembea.

Zamu yangu ikafika. Nikavua kizibao, maana mwenyekiti hawezi kujipima.

"Hobi yako nini, mzee?"

"Nalima."

"Hiyo kazi. Hobi ni kile unachofanya ukipumzika."

"Nikipumzika nalala."

Akaandika: kulala. Nikafeli. Nikavaa kizibao, nikampongeza kwa upimaji wa haki.

Jioni ile tulikula kambale na ugali wa muhogo, hakuna aliyemsema mwenzake. Bi Sihaba akanikaribisha kwa adabu! Nilidhani anaumwa. Saidy akasema, "Mbagala nasikia kila mtu anapakuliwa sahani yake." Tukamwonea huruma. Mimi nikamsogezea mnofu wangu wa kambale, nikasema una miiba. Haukuwa na miiba.

Siku ya uzinduzi msingi umeshachimbwa nyuma ya jiko, mtaro mrefu mwembamba. Greda limesimama linanguruma kama mtu aliyenyimwa pilau. Bango kubwa limeegemezwa kwenye gari: MAKAZI SHIRIKISHI YA WAZEE WACHANGAMFU. Utepe mwekundu. Mgeni rasmi Mama Hajira, mkubwa wa mradi mwenyewe, kutoka Dar, kiatu kirefu, kofia pana kama ungo. Bwana Hemedy akatoa hotuba kuhusu uchangamfu mpaka mpiga picha akasinzia.

Greda lilipopiga hatua, Bi Sihaba akapiga ukelele. "Uwiii! Nyumba zinakufa! Nyumba za Wandengereko zinakufa! Watani mko wapi?"

Wakatoka kwenye mikorosho. Wamatumbi wote anaowajua, vikongwe kwa vijana, wengine wamejipaka majivu. Wakashuka kwenye ule mtaro wakalala chali, kama wanavyolala kaburini kwenye msiba wetu, mtani hatoki mpaka apewe kitu.

"Aah, Mndengereko kafa na ubahili wake!" analia mmoja. "Hata kaburi kachimba refu ili apangishe!"

"Tokeni humo!" Bwana Hemedy anafoka. "Huu ni mradi! Mnamchezea mgeni rasmi!"

Mama Hajira akanyanyua mkono. "Kwani huu msiba wa nani?"

Watu wananiangalia mimi. Nikakiangalia kile kizibao, jamani, kilikuwa kizuri. Nikakivua. Nikaenda kukaa mkekani mbele ya jiko, nikashika tama.

"Mfiwa mimi," nikasema. "Ndo nyumba hizi zinazokufa, mwanangu. Kuanzia leo nitakula peke yangu."

Mama Hajira akanitazama, akalitazama jiko, sufuria juu ya moto, sinia imeegemezwa ukutani. Akavuta pumzi. "Hata baba yangu mimi ni wa Ikwiriri," akasema. "Mndengereko. Watani, mnataka nini?"

Mtaro ukacheka. Wakataka viatu vyake, akatoa. Wakataka kofia, akatoa. Bi Sihaba akakohoa kidogo, akasema, "Na lile bango."

"Bango haiwezekani!" Bwana Hemedy akapandisha sauti. "Hamna adabu nyie! Mimi kwetu Dar, utani wenu siujui!"

"Hemedy," akasema Mama Hajira polepole, "mama yako si yupo Bungu anauza mikeka?"

Lahaula. Mndengereko kamkasirikia mtani, tena mbele ya watu! Kosa hilo halina rufaa. Faini yake kutwanga na kuteka maji mpaka msiba uishe. Wakamvua suti, wakampa mchi.

Bango likasimikwa mbele ya jiko letu. Mama Hajira, pekupeku, akakata utepe. "Makazi nimeyaona," akasema mbele ya kamera, "na tayari yanakaliwa. Mradi umekamilika kabla ya muda." Wakubwa waliokuja naye wakapiga makofi. Greda likaondoka kinyumenyume. Kisha akakaa mkekani akala na sisi, na mtani mmoja alikuwa anamega tonge huku amevaa kofia yake.

Bwana Hemedy alitwanga vibaya sana. Mahindi mengi aliyapeleka kwa kuku. Jioni akaja kukaa pembeni yangu, viganja vimemvimba.

"Mzee Nassibu," akasema taratibu, "mimi nakaribia kustaafu. Mke wangu alitangulia. Dar nakula hotelini, peke yangu. Hapa hakuna nafasi?"

Moyo uliniuma, sio siri. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nikaenda ndani nikavaa kizibao changu.

"Hobi yako nini?"

Akafikiri mpaka taa ya Bi Sihaba ikawashwa. "Mikutano," akasema.

Saidy alikuwa anaosha mikono, keshasogea mkekani kuacha nafasi ya mtu mmoja. Hakugeuka hata kichwa. "Mwenyekiti," akasema, "andika kulala."