Vita Vikuu vya Mama Vifungo na Ulimi Wake

Nyamazeni, enyi mliokusanyika! Wewe unayetafuna, meza kwanza. Na wewe mwenye simu, izime au ipeleke nje ikalie huko. Leo sisimulii habari za wafalme, maana wafalme wamesimuliwa vya kutosha na wengi wao hawakustahili. Nasimulia habari za Mama Vifungo, fundi cherehani, simba jike wa mkasi, bingwa wa mapindo yasiyofumuka, ambaye Jumamosi moja, mbele ya mashahidi waliovua viatu, alipambana na adui ambaye mashujaa wengi wamemkimbia. Tulieni basi, mpate kujua.

Mama Vifungo alijaliwa mikono ya dhahabu na mdomo usio na mlango. Aliyekwenda kwake kupunguza suruali alirudi na suruali iliyopunguzwa na maisha yaliyopangwa upya, kuanzia mchumba wa kuacha mpaka upande wa kulalia. Hakuwa mbaya hata kidogo. Alipenda watu, na kwake yeye kumpenda mtu ni kumwambia afanye nini.

Sasa oneni maajabu: mwanamke huyo alikuwa mwanachama wa Duara la Kusikilizana. Hilo ni kundi la watu wa mtaa, kinyozi, muuguzi, mwalimu wa chekechea na wenzao, waliojifunza kusikilizana wao kwa wao, bila bwana wala mtaalamu. Wawili huketi wakitazamana. Mmoja anasema, mwenzake anasikiliza, na saa ya mezani ikilia wanabadilishana. Msikilizaji hakatizi, hatoi maoni, na juu ya yote hashauri, mpaka mwenzake asikie mwenyewe anachosema. Hizo ndizo sheria zao, na Mama Vifungo alizivunja zote, mara nyingi kwa pumzi moja. Ndipo wenzake, kwa busara na kwa kujihami, wakamkabidhi kazi ya kuandaa warsha ya kuwafundisha wageni, kwa kuwa ndiyo kazi pekee katika kundi lile iliyohitaji mtu wa kuongea.

Aliipokea kwa mikono miwili, na siri yake ilikuwa moja. Kaka yake mkubwa, dereva wa lori ambaye mtaa mzima humwita Breki, alikuwa amefiwa na mkewe, na tangu mazishi maneno yalimtoka tone kwa tone, kama maji ya bomba lililofungwa. Kila Jumapili alikuwa akija kula kwa dada yake, anakaa, anatazama sahani. Dada mtu naye, kwa huruma iliyomjaa mpaka kooni, alimwambia ale, alale, apake nyumba rangi, aihame nyumba, aoe, asiharakishe kuoa. Mwisho Breki akaacha kuja. Mama Vifungo aliumia, jamani, msimwone vile. Kila Jumapili aliendelea kumwekea sahani.

Akamfuata kwenye maegesho, akasimama chini ya dirisha la lori.

"Kaka, njoo Jumamosi kwenye warsha yetu. Kuna watu watakusikiliza."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Basi hawatapata nafasi." Breki akawasha injini. Akafikiri, akaizima. "Mdogo wangu, tangu utotoni hujawahi kuniacha nimalize sentensi. Haya, nitakuja. Mara moja tu. Nikikuta kelele, nageuza gari, na usiniite tena."

Hapo ndipo jemadari wetu alipoitisha baraza la vita, katika duka la kinyozi, baina ya vioo na mashine za kunyolea. Alisimama mkono kiunoni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama nishani, akanena kwa sauti iliyotikisa chupa za mafuta ya nywele:

"Enyi wenzangu, wana wa Duara! Saa imewadia. Siku i karibu, na mimi mbele yenu nauliza: viti tuvipange duara, au tuvipange mistari?"

Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti, akainamisha kichwa kwa upole mwingi. "Nakusikia," akasema. "Nasikia kwamba viti vinakuelemea."

"Havinielemei. Nataka kujua vipangweje."

"Na unajisikiaje," akauliza muuguzi, "unapotaka kujua?"

"Najisikia kutaka kujua!"

Mwalimu wa chekechea akamsogezea leso, asije akalia bila ya kujiandaa. Wote wakamtazama kwa macho ya upendo, wala hakuna aliyetoa jibu, kwa sababu jibu ni ushauri na ushauri ni haramu. Lo, kama kundi lile lingeungua moto, wangekaa chini kuusikiliza moto mpaka umalize. Mama Vifungo akapanga yote peke yake: viti duara, chai kwa muuguzi, matangazo kwa kinyozi. Nisiwafiche, alifurahi kupita kiasi.

Lakini katika furaha hiyo alitenda kosa, na kosa hilo ndilo lililoleta vita. Ofisi ya mtaa ilimpa ruhusa ya ukumbi, naye akaenda kuukagua. Akamkuta mlinzi wake, Mzee Komeo, amepiga magoti, anaipaka nta sakafu nyekundu kwa tambara. Mama Vifungo akainama, akatazama.

"Mzee wangu, shikamoo. Tambara hilo linaacha manyoya, tafuta la pamba. Na nta umeweka nyingi. Na magoti hayo yatakuua, angalia mto wako wa kupigia magoti ulivyoteleza kule nyuma."

Mzee Komeo alibana midomo, akaendelea kusugua, na mama yule akaenda zake akiamini amesaidia.

Ikafika Jumamosi. Wageni wakaja wengi kuliko ilivyotarajiwa, na wana wa Duara wakasimama katika fulana zilizopigwa pasi. Lakini mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa, na mbele ya mlango, juu ya kigoda, funguo zikiwa kiunoni na mikono kifuani, aliketi Mzee Komeo, nguzo ya kizingiti, mwamba usiosukumika.

"Ukumbi haufunguliwi," akatamka.

"Ofisi imeturuhusu," akasema kinyozi.

"Ofisi haina ufunguo."

Wana wa Duara wakajipanga, wakashambulia kwa silaha walizofundishwa.

"Nasikia kwamba hutaki kufungua," akasema muuguzi kwa sauti laini.

"Umesikia vizuri. Sitaki."

"Na hiyo sitaki," akasema mwalimu wa chekechea, "iko wapi mwilini?"

"Iko hapa," akajibu Mzee Komeo, akapiga funguo kwa kiganja. Wakarudi nyuma wote watatu, safu imevunjika.

Wageni wakaanza kunong'ona. Mmoja akatazama saa, mwingine akashika mkoba. Na hapo, mwisho wa barabara, lori likaingia taratibu, likasimama pembeni, injini ikinguruma. Breki alikuwa ndani, mkono juu ya gia.

Mama Vifungo alipomwona akapiga hatua kumwelekea Mzee Komeo. Maneno yakampanda kwa vikosi: barua ya ruhusa, jina la mkuu wa ofisi, kauli tatu kali kuhusu wazee wasio na shukrani. Akafungua kinywa. Naam, wasikilizaji, akakifungua kabisa, hata meno ya nyuma yakaonekana. Kisha akamtazama tena kaka yake kule nyuma ya kioo, akakifunga.

Akachukua ndoo iliyokuwa ukutani, akaipindua, akaikalia mbele ya Mzee Komeo, goti kwa goti. Akatoa saa ya mezani kwenye mkoba wake, akaitega, akaiweka chini kati yao.

"Mzee wangu," akasema, "zamu ni yako. Mimi sisemi mpaka hii ilie."

Kinyozi akashika ukuta. Muuguzi akajikuta anapima mapigo ya moyo wake mwenyewe.

"Nisemeje?" akauliza Mzee Komeo. Hakujibiwa. Akakohoa, akatazama pembeni, akarudi. Yule mama alikuwa bado pale, amenyamaza, amemtolea macho.

"Haya, nitasema. Sakafu hii naipaka nta kwa mkono wangu, unajua? Kwa mkono. Inakuja harusi, inakuja kwaya, mikutano sijui ya nini, wanaburuta viti, wanazima sigara juu yake. Hakuna hata mmoja anayetazama chini. Mara juzi akaja mtu akainama, akatazama chini. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo nimempata." Akazitikisa funguo. "Kumbe alitazama ili anifundishe."

Lo! Neno lile lilimchoma Mama Vifungo kuliko sindano zote za maisha yake. Akataka kujitetea, ulimi ukapanda, akauuma. Mzee akaendelea. Akasema habari za nta, na za mto wake wa magoti, jinsi unavyoteleza kila anaposogea, na jinsi alivyoufunga kwa kamba na kamba ikamkata. Hapo ndipo vita vilipochacha! Kwa maana Mama Vifungo alijua dawa yake: mikanda miwili ya mpira na kifungo kimoja, kazi ya dakika chache. Jawabu likamjaa mdomoni, likavimbisha mashavu. Kijasho chembamba kikamtoka. Akajishika vidole kama mtu anayemzuia mwizi, akameza, akameza tena, na jawabu likashuka likipiga kelele mpaka tumboni.

Saa ikalia. Wageni wakashusha pumzi wote kwa pamoja.

"Zamu yako," akasema Mzee Komeo, akijiandaa kupigwa.

"Nisamehe, mzee wangu," akasema Mama Vifungo. "Tutavua viatu."

Basi. Hakuongeza hata nukta. Mzee Komeo akamtazama sana, akasimama kwa kujikongoja, akachomoa ufunguo. Mlango wa ukumbi ukafunguka, na ile injini kule barabarani ikazimwa.

Wakaingia miguu mitupu na miguu ya soksi, kimyakimya, wakivibeba viti badala ya kuviburuta, na wote, hata kinyozi, wakitazama chini. Ikawa duara la kupendeza. Kisha kila mtu akatafuta mwenzake wa kukaa naye. Breki akavua buti mlangoni, akampita kinyozi, akampita muuguzi aliyemvutia kiti, akaja akaketi mbele ya dada yake.

"Nimekuona pale nje," akasema.

Saa ikategwa. Na dada yake, alipoinamisha macho asimkodolee, akaona. Soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kimetoka chote, kinamtazama.

Enyi mnaonisikiliza, mnaelewa mambo yaliyompata? Fundi, bingwa wa viraka! Kifuani mwa blauzi yake sindano ilikuwa imechomekwa, ina uzi tayari, na uzi wenyewe mweusi, rangi ileile ya soksi. Mkono ukainuka peke yake. Akaukalia.

"Soksi hizi," Breki akasema mwishowe, "alikuwa akizishona wifi yako."

Dada mtu akaukalia mkono kwa nguvu zaidi.

"Alikuwa hajui kushona. Wewe mwenyewe ulikuwa unamwambia. Anaacha fundo kubwa hapa chini, linanichoma kila nikikanyaga klachi. Safari nzima linanichoma. Nikirudi, hata salamu sijatoa, namlalamikia fundo." Akakisogeza kile kidole. "Sasa hakuna fundo. Nakanyaga klachi, sisikii kitu."

Akaanza kulia, mtu mzima, dereva wa lori, mabega yakitikisika. Na Mama Vifungo, ambaye kwa kila chozi lililowahi kumwagika mtaani alikuwa na maelekezo, hakusema pole, hakusema jikaze, hakusema Mungu anajua. Alikaa juu ya mkono wake, machozi yakimteremka naye mpaka kwenye utepe wa kupimia, akamwacha amalize.

Saa ikalia. Breki akajifuta kwa kiganja. "Zamu yako, mdogo wangu."

Duara zima, ingawa sheria inakataza, likageuza shingo kutazama. Mama Vifungo akafungua kinywa.

"Nakupa zamu yangu," akasema, akaitega saa upya.

Jioni, watu walipotawanyika, Breki alivaa buti juu ya lile tundu, akapanda lori lake. Dada yake akasimama chini ya dirisha kama siku ile.

"Hili tundu," Breki akasema, "usinishonee kwanza."

"Mimi sijasema kitu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba." Akawasha injini. "Kesho Jumapili. Utapika?"

Akatikisa kichwa kuitikia, kwa kuwa hakujiamini kufungua mdomo. Lori likakata kona.

Nyuma ya Mama Vifungo, Mzee Komeo alikuwa akifunga ukumbi. Alikuwa ameikagua sakafu kwa mikono na magoti, asione hata mkwaruzo. "Mama," akaita, akiangalia pembeni. "Wewe ni fundi. Mto wangu ule unaoteleza, unasemaje?"

"Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Unaniuliza kweli, mzee wangu? Mwenyewe?"

"Si nimesema nakuuliza!"

Basi wanaoandika tarehe za dola na waandike kwamba Jumamosi ile, kati ya chai ya kwanza na ya pili, Mama Vifungo aliushika ulimi wake, akauangusha, akaukalia mpaka kaka yake akamaliza sentensi. Na waandike pia, maana habari ya kweli haifichi kitu, kwamba Mzee Komeo alipofika nyumbani kwake giza limeshaingia, mkononi ana mto wenye mikanda miwili ya mpira na kifungo kimoja, na masikio yote mawili yamechoka.