Mfoko na Mgongo Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo nimefungua ofisi. Meza moja (ya dada yangu, ya kukatia mboga). Mwavuli mmoja, umetoboka mahali pawili tu. Ubao mmoja, mwandiko wangu mwenyewe: USHAURI KWA WASAFIRI. JUA PA KUTOKWENDA. BURE. Nimeiweka kando ya barabara, hatua arobaini kabla ya lango la Mfoko. Nimekaa nimeelekea yanakotokea mabasi.

Kwa atakayesoma shajara hii nikishafariki na kupewa jina la mtaa: Mfoko ni shimo la maji moto. Maji yametulia humo, yanatoa mvuke kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Halafu, eti, ghafla yanaruka juu kupita paa la shule. Saa ngapi? Hakuna ajuaye. Pengine mara tatu kwa siku, pengine kimya siku mbili. Wageni wanasafiri kutwa kucha, wanakaa kwenye benchi, wanatazama tundu. Nimemwona mtu mzima, ana mvi, amevuka bahari kuja kutazama tundu!

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na huo Mfoko umetembezwa mpaka kwenye makopo ya biskuti.

Basi mimi nawaambia wageni ukweli. Pitilizeni. Au kaeni hapa kivulini niwasimulie mimi. Leo nimewasimulia siku Mfoko ulipofoka ndege akiwa anapita juu, akaanguka miguuni pangu keshaiva, sikuhitaji hata chumvi. Walistaajabu sana. Mabasi mawili yamegeuza.

Siri moja, maana shajara haina mdomo. Sijawahi kuuona ukifoka. Nina miaka hamsini na miwili, nimezaliwa hapa hapa. Dada yangu ameuona. Binti yake, mpwa wangu, ndiye mlinzi wa lango na ndiye anayeandika daftari la saa za kufoka, ameuona mpaka amechoka. Mbuzi wa jirani wameuona. Mimi, kila unapofoka, ama nimeinama nafunga kiatu, ama nimegeuka kumjibu mtu, ama nimekwenda haja. Nilipokuwa na miaka saba tulipelekwa shule nzima. Mwalimu akaniweka nitazame ukuta kwa kosa la kupiga domo. Nikasikia nyuma yangu watoto sitini wakisema haaa! Sauti ile sijaisahau. Nilipogeuka, mvuke.

Ndiyo maana nashuku. Huenda haupo. Huenda watu wamekula njama.

Mtaani natamba nimeuona mara thelathini.

Saa nane mchana nyuma yangu watu wakasema haaa! Nikageuka kama feni. Mvuke.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Ushindi! Mabasi manne yamegeuza. Familia moja imekaa kwangu saa nzima. Wameondoka wamelala, yaani watoto.

Mpiga Picha kaja kunifokea. Huyu anasimama langoni, anauzia wageni picha za Mfoko, mtu mfupi mwenye kamera ndefu. Akasema tangu jana hajauza picha hata ya kuku. Akasema debe tupu haliachi kuvuma. Nikamwambia akutukanaye hakuchagulii tusi, ila wewe hili umeliokota. Akaondoka. Mimi kwa majibu sina mpinzani. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu aliishiwa na vya kunifundisha.

Jioni nyumbani hali ya hewa mbaya. Dada kamimina chai bila kuniangalia. Mpwa wangu alikuwa ameshika barua. Kumbe Mkubwa wa makao makuu ya utalii anakuja Ijumaa. Wageni wanapungua, wanalalamika kwamba wanangoja bure. Basi Mkubwa atakaa na kutazama mwenyewe. Ukifoka mbele yake, lango litabaki. Usipofoka, linafungwa, na mpwa wangu anarudi kukaa nyumbani. Miaka mitatu amelinda lango lile. Anapiga pasi kofia ya kazi kila asubuhi. Sijawahi kuona mtu mwingine anapiga pasi kofia.

Dada akaniuliza kama namjua mtu anayegeuza mabasi barabarani. Nikasema nitachunguza. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikakagua shati. Hakuna kitu.

Mpwa aliikunja barua. Alinitazama tu. Ningependa angesema neno.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimefunga ofisi. Ubao unasema: MSHAURI YUKO LIKIZO. Damu nzito kuliko maji, hata maji moto.

Mpango mpya: nitaufundisha Mfoko kufoka kwa wakati. Mimi niliwahi kumfundisha jogoo kunyamaza.

Nilikaa benchi la mbele tangu saa moja asubuhi. Kwanza niliuomba kwa adabu. Kisha nikaupigia kelele. Kisha nikautukana, lakini kwa sauti ndogo, kulikuwa na watoto. Nilitaka kuutupia jiwe. Mpwa akasema Mjomba, ukitupa kitu humo nakutoa nje kama mgeni mwingine yeyote. Aliniita "mgeni mwingine yeyote" akiwa amevaa kofia ile iliyonyooka. Nilijivunia kidogo.

Basi nikabaki na silaha ya mwisho: jicho. Kwa saa nane nzima nimeutazama sikupepesa. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, yanapumua. Mara yanajaa kidogo, mara yanashuka, kama kitovu cha mtu aliyelala. Nakiri nilipatwa na hofu nzuri. Nilijiona namtazama mtu mkubwa kuliko mimi, na mtu huyo ananijua.

Saa tisa na nusu nzi akaingia sikioni. Niligeuza shingo, sekunde moja, siapi lakini ni moja.

FOOOO! Ardhi ikatikisika mpaka kwenye meno. Matone ya vuguvugu yakanidondokea shingoni. Watu haaa! Nikageuka. Mvuke. Bibi mmoja alikuwa amelowa, anacheka na kulia kwa pamoja, ananishika mkono, ananiuliza kama nimeona, kama nimeona! Nikasema kwangu mimi ni mara ya thelathini na moja.

Mpiga Picha alikuwa anatabasamu. Sikupenda lile tabasamu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Aibu. Andika, mkono wangu.

Mpiga Picha kaja nyumbani wakati wa chai na bahasha. Akapanga picha kumi na nne juu ya meza ya mboga, mbele ya dada yangu. Za miaka miwili. Katika kila picha Mfoko umesimama mbinguni, mweupe. Na katika kila picha, pembeni chini, kuna mgongo. Mgongo wangu! Hapa nafunga kiatu. Hapa nagombana na mwuza maji. Hapa najikuna. Hapa nazungumza na ukuta, sikumbuki kwa nini. Ya jana: nachokonoa sikio. Shati lile lile katika tisa.

Akasema huyu ndiye aliyeuona mara thelathini, shikamoo mtazamaji. Dada alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alitaka kusimama, akaona tena picha ya ukuta, akarudi chini.

Mpwa hakucheka. Alileta daftari lake la saa za kufoka, akaweka kando ya picha. Akaanza kuniuliza, taratibu, kama karani wa mahakama. Mjomba, ile Jumamosi ya mvua, saa tano, ulikuwa wapi? Nikasema nilikuwepo, ila nilikwenda msalani. Akatia alama. Na siku ya harusi ya jirani? Nilisimama kando ya lango, nikageuka kumsalimia mtu. Alama. Na ile wiki ulipougua, ukalala siku saba? Daftari likasema: kimya, kimya, kimya, siku saba.

Mpiga Picha akavua kofia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mpwa akasema polepole: Mjomba, nakuomba kesho uwepo, ila usiutazame.

Hapo ndipo penye mwiba. Mimi nilikuwa nimeshajipangia kesho benchi la mbele, ubavuni kwa Mkubwa. Niliwaza kwamba kwa mtu mkubwa hivyo Mfoko lazima utafoka, hauna ujanja, nami nitauona hatimaye! Nikamwambia mtu aliyeuona mara thelathini hawezi kuombwa hivyo. Akasema anajua. Akasema anajua tangu ana miaka sita, siku aliponiuliza ncha ya Mfoko ina rangi gani, nikamjibu nyeusi.

Miaka kumi na tisa anajua. Hajamwambia mtu.

Nimeshindwa kumaliza mkate.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mkubwa kafika saa tatu kamili. Viatu safi. Miwani ya jua inayong'aa kama kioo cha kinyozi. Akakaa benchi la mbele, akatazama saa yake, akatazama tundu.

Niseme kweli. Nilikaa naye. Nilijiambia nitageuka baadaye kidogo. Nitatazama dakika tano tu, huenda leo utanihurumia. Dakika tano zikawa saa moja, zikawa saa mbili. Maji yanapumua tu. Mpwa alisimama kando ya lango na daftari. Hakuniita. Hakunikonyeza. Hata hilo hakufanya.

Saa tano na robo Mkubwa akasimama. Akasema amefika mahali pengi, na hapa pamesifiwa kupita kiasi. Akasema ni tundu. Akasema wasafiri wapitilize.

Maneno yangu! Ya ubao wangu! Kwa pumzi moja nilijivunia. Mtu mkubwa hivyo tunafikiri sawa. Kisha nikamwona mpwa wangu. Alifunga daftari. Akavua kofia. Akaikunja katikati, pale pale alipopiga pasi.

Sijui miguu ilinyanyukaje. Nilikwenda nikasimama mbele ya Mkubwa, uso kwa uso, karibu kumkanyaga viatu. Mgongo nikaupa Mfoko. Mdomo nikaufunga. Mimi! Dada amesema hata yeye aliogopa, alidhani nimepatwa na kiharusi.

Mkubwa akauliza huyu ni nani. Mpwa akasema: huyu ni mjomba wangu.

Ikaanzia kwenye nyayo. Kitu kilipita chini yangu kama jitu linalogeuka kitandani. Kisha ile sauti, FOOOO, na joto mgongoni kama mkono wa marehemu mama yangu ulipokuwa ukinisukuma niende shule. Sikugeuka. Naapa sikugeuka. Nilimtazama Mkubwa. Mdomo wake ulifunguka. Mikunjo ya paji la uso ikafutika mmoja mmoja. Akawa mtoto. Nyuma yake dada yangu, aliyeuona mara mia, ameshika mashavu. Mpiga Picha kasahau kamera.

Na ndani ya ile miwani, Bwana! Mfoko! Mmoja katika kila kioo. Mweupe, unapanda, unapanda, haukomi kupanda, kisha juu kabisa unainama kama mtu anayesalimu, na kwenye ncha kuna uzi wa upinde wa mvua. Na chini yake, katikati, kajitu kadogo kamesimama kama mwenye mali. Ni mimi.

Nilikaa chini kwenye tope. Nilisema ni mvuke umeniingia machoni.

Mkubwa alipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Lango halifungwi. Alimpa mpwa wangu mkono mara mbili. Mpwa akainyoosha kofia, akaivaa na mkunjo wake, akaja akakaa topeni pamoja nami na sare yake ya kazi. Akasema, Mjomba. Basi.

Sina maneno. Naandika hivyo ili ijulikane ilitokea siku moja.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Maneno yamerudi.

Mtaa mzima unanisalimu. Kinyozi kanisimamisha. Inasemekana niliuamuru Mfoko nao ukatii. Sikumsahihisha mtu; si vizuri kuwavunja watu moyo. Mpwa ameweka kigoda kando ya benchi, kimeupa mgongo Mfoko, ameandika kwa chaki: KITI CHA MJOMBA. Asubuhi nimekaa mara mbili, mara mbili umefoka. Mpiga Picha ameuza picha kumi na mbili, kaniletea soda, akaniita mkuu.

Lakini mtu mkweli hana mapumziko. Jambo limenisumbua tangu alfajiri. Sasa nimeuona. Kwa macho yangu haya. Mara thelathini na tatu sasa, maana miwani ina vioo viwili. Na ukweli ni huu: una urefu wa ukucha! Ukucha wa kidole kidogo! Na iko miwili, wala si mmoja. Wageni wanaambiwa unapita paa la shule, wanatoka ng'ambo, wanachoka, watoto wanalia njiani. Dhamiri yangu haikubali.

Basi mchana, mpwa alipokwenda kula, nimechukua meza ya mboga. Nimefuta ubao, nimeandika upya: MFOKO NI MZURI LAKINI NI MDOGO. USHAURI KUTOKA KWA ALIYEUONA. BURE. Nimeuweka mahali pake pale pale, hatua arobaini kabla ya lango. Nimekaa nimeelekea barabara. Basi la kwanza limeshatokeza kwenye kona, limejaa wageni, linapunguza mwendo.

Nyuma yangu, sasa hivi nikiandika, ardhi imetikisika na watu wamesema haaa!

Sijageuka. Niko kazini.