Papa Docteur Kabla ya Wakati

Jumatatu, 22 Septemba

Nchi hii sasa ina mlango mmoja wa kuingilia chuo kikuu. Binti yangu Chloé amerudi kutoka shuleni na habari hiyo. Ombi ni moja, linajazwa kwenye kompyuta, na mwanafunzi anapanga kozi anazotaka: ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Mwisho ni tarehe 30. Kila ukitaka kulifungua ombi, namba za siri zinatumwa kwa simu. Simu aliyoandika ni yangu. Yaani bila mimi Gustave, fundi cherehani wa Bellevue, hapa Johannesburg, mlango haufunguki. Nimelipokea jukumu hilo kwa utulivu.

Kisha nikauliza amepanga nini. Kwanza upimaji wa ardhi. Pili jiografia. Tatu ualimu. Udaktari haumo hata chini kabisa. Na ndiye anayeongoza hesabu darasani!

Jirani yangu Hugues, Mrundi mwenye saluni, mwanawe Emery ameweka udaktari juu. Saluni nzima inajua. Wateja wameshaanza kumwita Hugues Papa Docteur, yaani baba wa daktari, naye anaitika.

Jumanne, 23 Septemba

Nimeongea na Chloé kama baba. Nimemwambia kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake, na hakuna mtu, Uvira tulikotoka wala hapa Johannesburg, atakayeniita Papa Mpima Ardhi. Akanijibu, kwa upole wa kuudhi, kwamba anapenda ramani. Kwamba tangu azaliwe tunahama chumba hadi chumba, naye anataka kujua ardhi inagawanywaje mpaka wengine wakose. Mke wangu Murielle akasema mtoto amejibu vizuri. Nikasema mboga imezidi chumvi.

Alhamisi, 25 Septemba

Mpango umetekelezwa. Mimi na simu yangu tumekwenda kwa Arlène, mwenye duka la kompyuta. Akauliza mwombaji yuko wapi. Nikamjibu kwamba mimi ni baba wa mwombaji, cheo kikubwa zaidi. Namba za siri zikaingia. Nikaagiza udaktari uwe wa kwanza. Akauliza kama zile nyingine azishushe chini. Nikasema azifute. Mtu akienda kuposa, hamwambii baba wa msichana kwamba akimnyima dada atachukua mdogo mtu. Ataonekana hana msimamo. Chuo kikuu nacho kinataka heshima.

Arlène akanionyesha maandishi mekundu kwenye kioo. Nikamwambia mambo ya rangi aniachie mimi, ndiyo kazi yangu.

Ijumaa, 26 Septemba

Kwetu ombi halitembei peke yake. Lazima mtu alisindikize. Nimemshonea koti mkurugenzi wa mfumo huu, bluu, bitana inayong'aa. Vipimo nimekisia, maana wakurugenzi wote wana tumbo.

Nikalipeleka kwenye ofisi moja mjini. Mlinzi wa getini anaitwa Astère, anaongea Kiswahili cha Bujumbura. Akaniambia hapo hakuna mkurugenzi wa hicho kitu, kompyuta ndiyo inachagua. Nikamuuliza kompyuta hiyo iko chini ya nani. Akasema eish, mzee, haiko chini ya mtu. Nikamwachia koti ampe mkubwa yeyote atakayepita.

Nilipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikisubiri kuvuka, nikageuka. Alikuwa amelivaa. Limemkaa vizuri sana mabegani. Kwa kushona, sina mpinzani.

Jumapili, 28 Septemba

Siku kubwa, kwa muda. Kabla ya ibada nilimnong'oneza mchungaji. Akatangaza kwamba kanisa lina Papa Docteur mpya. Vigelegele! Hugues, safu ya nyuma, alikuwa anakagua viatu vyake. Mama mmoja akanionyesha goti lake hapohapo. Nikamshauri apunguze ngazi.

Halafu nikamwona Chloé kwenye kwaya. Alikuwa ameacha kuimba.

Nje ya kanisa akaniuliza, bila kupaza sauti, mtu asiyesoma fizikia anaingiaje udaktari. Nikamuuliza tangu lini hasomi fizikia. Akasema tangu darasa la kumi, papa. Alichukua jiografia. Ombi la udaktari bila fizikia linatupwa, na mimi, nikakiri, sikumwachia kozi nyingine hata moja. Likibaki hivyo, mwakani atakaa nyumbani na vyeti vyake vizuri. Akalia. Nilijisikia vibaya sana.

Jioni Murielle alinipakulia chakula wa mwisho. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 29 Septemba

Tumekwenda wote wawili kwa Arlène kurekebisha. Namba za siri hazidumu, zinatumika papo hapo au zinakufa. Kila zikija, simu inaita. Pongezi! Kaka yangu mkubwa kutoka Uvira. Binamu wa Diepsloot. Yule mama wa goti. Mtu anakupongeza, utamkatiaje simu? Nikapokea, nikashukuru, namba zikafa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mfumo ukasema tumejaribu mno, turudi kesho.

Kesho ndiyo mwisho. Chloé alinyoosha mkono. Nikampa simu bila kuombwa.

Jumanne, 30 Septemba

Bellevue nzima imekumbuka maombi leo. Foleni ilitoka nje ya duka. Chloé alikaa na simu yangu mapajani, uso mkavu, nami nikasimama nyuma yake nikiomba Mungu kimoyomoyo. Zamu yetu ikafika. Namba zikaingia. Kaka yangu akapiga. Chloé akamkatia. Mkubwa wa ukoo! Nilifumba macho.

Alasiri ombi likapokelewa. Upimaji wa ardhi juu, jiografia, ualimu. Kisha akafuta namba yangu na kuweka ya mama yake. Nadhani alitaka kunipunguzia mzigo.

Ijumaa, 16 Januari

Amekubaliwa! Chaguo la kwanza. Nilisikia Murielle akipiga kelele, nikaangusha mkasi. Chloé akanikumbatia mimi kwanza, kabla ya mama yake. Nililia kwenye kitambaa cha mteja. Nimeandika hapa kwa sababu ni kweli.

Emery hakupata udaktari, amepata biolojia. Nimekwenda saluni kumpa Hugues mkono. Nimemweleza kwamba daktari anashughulika na mwili mmoja mmoja, mpima ardhi anashughulika na nchi nzima. Sasa natambulika kama Papa Géomètre. Kwa Kifaransa linasikika vizuri kuliko nilivyodhani.

Nimekaa chini nikatafakari mambo yote haya, maana mimi ni mtu wa kujifunza. Kosa langu nimeliona: nilichelewa. Mtoto ukimngoja afike darasa la kumi na mbili, fizikia imeshapita. Sasa kuna mdogo wake, Gaël, ambaye wiki hii anaanza darasa la kumi na amechagua muziki. Mchana nimepita shuleni kwake nikambadilishia kila kitu. Mwalimu akataka kumwita darasani amuulize. Nikamwambia asimsumbue mtoto, anasoma.